Aliyekagua Breki Zetu

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Agosti, wakati wa adhuhuri, Kocha alifariki nyumbani kwake Magomeni. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Tulichopoteza ni mtu aliyekuwa akishika breki za baiskeli zetu kila Jumapili kabla hatujaondoka. Najua yapo mengine ya kusema juu ya marehemu, na masheikh waliyasema pale msibani vizuri kuliko ninavyoweza. Mimi ni mpeleka mikate, niliishia darasa la saba. Nitaandika niliyoyaona.

Jumapili iliyofuata tulikutana palepale, kwenye kona ya Kariakoo yenye maduka ya vitambaa, kabla maduka hayajafunguliwa na kabla wapagazi hawajaijaza barabara. Tulipanga baiskeli mstari kama kawaida. Kila mtu akasimama ameshika usukani wake, akingoja. Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyesema tunangoja nini. Halafu mtu mmoja akatoka kwenye mstari, akaanza kushika breki moja baada ya nyingine. Huyo nitamfikia.

Kocha hakuwa kocha wa kusomea. Alikuwa muuza zipu, vifungo na nyuzi, kwenye meza iliyokaa barazani pa duka la mtu mwingine, na pembeni ya meza aliweka cherehani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sijui. Hakuniambia na sikumuuliza. Alipoanza kuendesha mimi nilikuwa bado Masasi. Nilipofika mjini nikapata kazi ya kusambaza mikate kwa baiskeli, na mzunguko wangu ulipita mbele ya meza yake. Siku moja alinisimamisha akaniambia kiti changu kimekaa chini, kwamba naendesha kama mtu anayekalia kigoda. Akakipandisha yeye mwenyewe bila kuniuliza. Nikaondoka nikimlaani. Nilipofika Buguruni nikagundua magoti hayaumi.

Hakutuita kwa majina. Alituita kwa mizigo yetu. Mimi nilikuwa Mkate. Rafiki yangu anayesambaza mayai ya jumla alikuwa Mayai. Wengine walikuwa Maji, Mkaa, Gesi. Hata mtu akiacha ile kazi, jina lilibaki. Nilimwuliza mara moja kwa nini, akasema majina ya watu yanamchanganya ila mzigo unauona.

Asubuhi za Jumapili alifika kabla ya wote, akitokea moja kwa moja msikitini, na kofia yake ya swala akiikunja na kuiweka kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Alianza upande wa kushoto wa mstari. Alibonyeza breki ya mbele, akaisukuma baiskeli kwa kifua aone kama itakwenda. Akabonyeza ya nyuma, akaivuta. Kisha aliinama akatazama ubavuni mwa breki, kwenye kijiti kidogo. Baiskeli za mbio zina kijiti pale. Ukitaka kulitoa gurudumu unakiinua, breki inalegea na tairi linapita. Ukisharudisha gurudumu unakilaza. Ukisahau kukilaza, baiskeli inakwenda vizuri tu, wala huhisi chochote, mpaka pale utakapotaka kusimama. Akiridhika alisema neno moja: "Imeshika." Akahamia kwa mwingine. Hukuruhusiwa kupanda kabla ya neno hilo.

Jumapili moja alikuta kijiti cha Mayai kimesimama. Mayai alikuwa ameziba pancha jana yake. Kocha hakupiga kelele. Alimwambia arudi nyumbani, na arudi kwa miguu, huku anaikokota. Mayai akacheka akidhani ni utani. Kocha akasema, "Mayai yakivunjika unanunua mengine. Kichwa chako utakinunua wapi, sokoni Shauri Moyo?" Tukacheka wote isipokuwa Mayai, ambaye alikokota baiskeli hadi kwake Ilala akiwa na jezi ya mbio, na wauza maandazi wakimwuliza kama mbio zimeisha mapema.

Kwa hiyo wote tulijua kijiti ni nini. Hilo naomba likumbukwe.

Jezi zetu alishona yeye. Alikwenda Mchikichini kuchagua jezi za mpira za mitumba, akazifumua, akaunganisha mbele ya timu moja na mgongo wa timu nyingine, na chini ya mgongo akaweka mifuko mitatu ya kubebea ndizi na tende. Zipu alitoa mezani kwake, zile zilizokosa wanunuzi. Yangu ilikuwa na zipu nyeupe ya gauni la harusi. Mayai alizoea kuniuliza bwana harusi ni nani. Hakuna jezi mbili zilizofanana, na watu wa klabu zenye udhamini walituita matambara. Kocha alisikia. Alijibu kwamba tambara ndilo linalofuta, akaendelea kushona.

Hakusifu mtu. Ukipanda mlima vizuri alikuuliza kwa nini jana hukupanda hivyo. Mimi siku niliyomaliza mbio kwa mara ya kwanza bila kushuka njiani, nimelala majanini Mnazi Mmoja kama gunia, alikuja akasimama juu yangu akasema, "Mkate, ulikuwa unashindana au unapeleka oda?" Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nikasikia kwa mkewe kwamba alirudi nyumbani akaieleza mbio yangu yote, kona kwa kona, mpaka chakula kikapoa.

Alitukataza chipsi. Alisema mafuta yale yanageuka mchanga kwenye miguu. Lakini kila baada ya mbio alipotea kidogo, na kila mtu alijua yuko nyuma ya kibanda fulani anakula chipsi mayai akiwa ametupa mgongo. Tulimwacha. Ilikuwa heshima yetu kwake kutomwona.

Alitufundisha kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzio ili akukate upepo. Ndiyo elimu kubwa ya mchezo huu: anayetangulia anavunja upepo, anayefuata anapumzika, kisha mnabadilishana. Alitufundisha vizuri na alitugombeza tukikosea. Ila yeye hakukaa nyuma ya gurudumu la mtu hata siku moja. Alikuwa mbele anavuta, au pembeni peke yake anapigwa upepo. Nilimwona mara moja akitoka Kibaha, mdomo umekauka, mguu umebanwa, nikasogea mbele yake ili apumzike. Akatoka upande. Nikasogea tena. Akatoka tena. Hakukubali kusaidiwa. Baiskeli yake hakuibeba mtu, pancha yake hakuziba mtu, na breki zake hakuzishika mtu. Nani angezishika? Mtu mzima wa umri ule, ambaye wewe unamwamkia, umwinamie baiskeli yake umkague kama mtoto? Ingeonekana utovu wa adabu. Alimaliza mstari, akaikamata yake, akapanda, tukaondoka.

Mbio hakushinda hata moja. Aliwahi kuwa wa pili akapewa chupa ya chai. Chupa hiyo ilikaa mezani kati ya zipu na vifungo miaka yote, na chai ya ndani yake hakummiminia mtu mwingine. Wateja wake wa kudumu, wanawake wa Kichaga wenye maduka ya jumla mtaa wa pili, walimtania kwamba ni ubahili. Alisema chupa ile hakuinunua, aliikimbilia.

Kuna jambo baya lazima nilitaje. Alikuwa na roho ngumu. Kijana aliyembishia njiani alimwacha mbali akiwa na tairi bovu, akatukataza kusimama. Tukatii. Yule kijana hakurudi klabu, na Kocha hakumtaja tena. Alipokosea, hakuomba radhi. Alinyamaza mpaka watu wakasahau, au mpaka akadhani wamesahau.

Zuhura alipokuja, Kocha alimkataa. Zuhura anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na mzigo wake wa viatu anaufunga nyuma ya baiskeli mwenyewe. Alikuja Jumapili moja na baiskeli ya mbio aliyoinunua kuukuu, akaamkia, akasimama mwisho wa mstari. Kocha akakagua breki zote akaishia kwa mtu wa kabla yake. Akapanda. Zuhura akapanda pia, bila "imeshika," akatufuata kwa mbali mpaka Pugu na kurudi. Jumapili iliyofuata vilevile. Sikumbuki ilikuwa Jumapili ngapi. Kocha alisema kwetu kwamba mwanamke barabarani ataleta maneno. Maneno kweli yalikuja, lakini hayakuletwa na Zuhura. Pale njia panda ya Buguruni mafundi na wapiga debe walimzomea, wakamwuliza mumewe anajua yuko wapi. Zuhura akawajibu, "Yuko nyuma anapumua. Msubirini." Wakacheka wenyewe.

Kocha alikuwa mbele na alisikia. Akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Akamwambia, "Viatu, tangulia uvute."

Ndivyo alivyopata jina. Jumapili iliyofuata mkono wa Kocha haukuishia kwa mtu wa kabla yake.

Kuanzia hapo Kocha alipata kitu cha kutaka. Kabla ya hapo sijui alitaka nini. Sasa alitaka klabu yetu ya matambara itoe mtu mmoja kwenye timu ya mkoa kabla yeye hajaacha kuendesha. Mtu huyo angekuwa Zuhura. Hakumwambia Zuhura. Aliniambia mimi, akiwa anapitisha uzi kwenye sindano na macho hayaoni tundu, nikaupitisha mimi. Akiwa mzima, ndiyo mara pekee aliyonikubalia nimsaidie.

Mbio za uteuzi zilikuwa kabla ya masika. Wanaume na wanawake walianza pamoja Ilala, kupita Buguruni, Gongo la Mboto, kupanda Pugu hadi Kisarawe na kurudi njia hiyohiyo. Wanawake wawili wa kwanza wangeingia kambi ya mkoa. Asubuhi ile Kocha alikagua kama siku zote. Kwa Zuhura alikaa zaidi. Gurudumu lake la mbele lilikuwa la bei rahisi, la Buguruni, na Zuhura mwenyewe alikuwa na wasiwasi nalo. Kocha aliinua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akaweka jicho karibu na ringi, akalitazama mpaka likasimama lenyewe. Akasema linafaa. Akashika breki. "Imeshika." Nilikuwa pembeni yake.

Tulipokaribia Kisarawe, Zuhura alikuwa wa pili kati ya wanawake, na mimi na Kocha tulikuwa nyuma yake kidogo. Kabla tu ya kufika mahali pa kugeuzia, akakanyaga kipande cha chupa. Pancha ya mbele. Akashuka. Wa tatu alikuwa haonekani bado, lakini angeonekana muda si mrefu.

Kocha akamfikia. Alisimama, akageuza baiskeli yake miguu juu, akainua kijiti, akalitoa gurudumu lake la mbele, lile zuri la Kijapani alilolitafuta mitumbani miaka. Akalitia kwenye baiskeli ya Zuhura. Akalaza kijiti cha Zuhura, akabonyeza breki ya Zuhura, akasukuma. "Imeshika. Nenda." Halafu akanigeukia mimi. "Mkate, mvute."

Nikaenda. Nilipotazama nyuma alikuwa amepiga goti kando ya lami, lile gurudumu lenye pancha mapajani, akitafuta kiraka mfukoni, kwenye mfuko uleule wenye kofia. Hilo ndilo la mwisho nililoliona kwake akiwa mzima.

Nilimvuta Zuhura mteremko wote na tambarare yote. Nilivunja upepo mpaka nikawa sioni vizuri. Karibu na Vingunguti akanipita, na akamaliza wa pili. Wakamwandika jina. Alikuwa analia na kucheka, anauliza Kocha yuko wapi amrudishie gurudumu lake. Tukasema yuko nyuma, anakuja, labda yuko chipsi. Tukacheka. Tulikuwa bado tunacheka alipokuja mtu wa bodaboda akasema, nyie wenye jezi za viraka, mzee wenu ameanguka Pugu.

Alianguka kwenye mteremko, kwenye kona yenye mchanga. Waliomwona walisema alikuja kasi, gurudumu la nyuma likajifunga na kuserereka, akaingia mtaroni kwa ubavu. Nyonga ilivunjika, na mbavu. Baiskeli haikuumia sana. Mayai aliileta Magomeni kwa bajaji, mke wa Kocha akaifunika khanga, ikaegemea ukuta wa chumbani, na hapo ikakaa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa.

Hospitalini mkewe alimwuliza imekuwaje. Alimwuliza mbele yangu na mbele ya Mayai. Kocha alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Gurudumu la yule binti lilikuwa bovu."

Nilikumbuka jicho lake karibu na ringi asubuhi ile. Nilidhani ni maumivu, au ni dawa, au labda lilipinda baadaye. Si mimi wa kumbishia mtu kwenye kitanda cha hospitali. Lakini hakulirekebisha neno lake, si siku hiyo wala nyingine, na neno likatoka mlangoni likaenda Kariakoo. Kufika jioni kila meza ya vifungo ilijua kwamba binti alimwachia mzee gurudumu bovu akakimbilia ushindi. Zuhura alipokuja hospitali na matunda, mke wa Kocha alimzuia ukumbini. Hakumtukana. Alimwambia tu, "Mwanangu, umepata ulichotaka. Usije tena."

Zuhura hakuja tena. Wala kona hakuja. Baiskeli yake aliitundika ukutani kwake, ikiwa na gurudumu la Kocha. Nilikwenda Mchikichini kumwona, si mara moja. Alikuwa akipanga viatu, cha kushoto na cha kulia, akivifuta kwa kitambaa chenye maji. Kila mara aliuliza kwanza Kocha anaendeleaje. Nilipomwuliza kuhusu kambi alisema hataenda, na kwamba amewapa mkoa mpaka mwisho wa Agosti watafute mwingine. Nikamwambia Kocha alilikagua lile gurudumu, mimi nilimwona.

"Kaka, na yeye ndiye anasema lilikuwa bovu," akasema. "Nimwamini nani, wewe au yeye? Nililinunua mimi. Nilijua ni la bei rahisi. Nilipanda nikamwacha nalo, sikugeuka hata kutazama."

Mteja akaja akauliza namba, Zuhura akamgeukia.

Kocha alirudishwa nyumbani wakati wa masika, na hakuinuka. Nyonga haikuunga. Kisha kifua kikaanza. Nilipita Jumamosi nikimaliza mzunguko, namwachia mkate mlaini kwa sababu meno pia yalikuwa yanamsumbua. Alikonda mpaka mikono tu ndiyo ilibaki kuwa yake. Mkewe alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji, na hakulalamika nikasikia. Watu wa klabu walikuja wiki za kwanza, halafu wakapungua. Mayai alikuja akamwambia tumekubaliana kwamba yule binti hatutampokea tena. Alidhani anamfurahisha. Kocha akageuza uso ukutani, upande wa baiskeli.

Jumamosi ya mwisho wa Julai nilifika mchana. Baiskeli yangu niliingiza ndani mpaka chumbani, maana Magomeni ukiiacha barazani unarudi kwa miguu. Nikaamkia. Akaitika kwa shida. Akaashiria niisogeze baiskeli kitandani. Nikasogeza. Akatoa mkono chini ya shuka, akabonyeza breki ya mbele. Nguvu ilikuwa ndogo, akarudia. Akabonyeza ya nyuma.

"Imeshika," akasema.

Nikasema asante Kocha. Nikadhani basi. Alibaki ananitazama, anavuta pumzi.

"Kagua na yangu."

Nikasema yako ipo salama, Kocha, pumzika. Akasema tena, kwa ile sauti yake ya barabarani, au kilichobaki cha sauti ile: "Mkate. Nimesema kagua."

Nikaondoa khanga. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kiti. Nikabonyeza breki ya mbele. Mkono wa breki ulikuja wote, ukagusa usukani, na chini hapakushika kitu. Nikainama. Kijiti kilikuwa kimesimama wima, vilevile alivyokiinua yeye kule Kisarawe alipolitoa gurudumu lake kumpa Zuhura. Aliziba pancha, akarudisha gurudumu, akapanda. Hakukilaza.

Nikanyoosha kidole nikilaze.

"Kiache," akasema. "Muite Viatu aje akione."

Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Yeye si mtu wa baiskeli, lakini miaka yote ile alisikia habari za kijiti kuliko sisi. Alikuja, akaitazama breki, akamtazama mumewe.

"Ulijua?"

"Tangu mteremko ulipoanza. Nilibonyeza, haikushika."

"Na gurudumu la mtoto wa watu?"

"Lilikuwa zima."

Akaweka kikombe sakafuni polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. "Mimi nimemfukuza," akasema. "Mbele za watu. Na wewe umelala hapo unanisikia nikisimulia wageni."

Kocha hakutafuta maneno mengi. Alisema aliona aibu. Alisema miaka yote ameshika breki za watu, amemkokotesha mtu mzima baiskeli mpaka Ilala kwa kijiti kilekile, na pale hospitali alipotuona mimi na Mayai tumesimama, hakuweza. Alidhani atasema akipona. Kila wiki ilipopita likawa zito zaidi. Nikadhani ataomba tumsamehe, hakuomba.

Nilisema nitampigia Zuhura. Mkewe akasema, "Hapana. Nitampigia mimi." Akatoka na simu barazani. Alikaa huko muda mrefu. Sikusikia alichosema, na sikuuliza.

Kesho yake, Jumapili, sikwenda kona. Nilikwenda Magomeni. Zuhura alikuja kabla ya jua kuwa kali, amefunga mtandio, na mkononi amebeba gurudumu la Kocha, limefutwa likang'aa. Mke wa Kocha akampokea mlangoni, akamshika mkono, akaingia naye. Wakawa hawaangaliani.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba. Viatu."

Akaegemeza gurudumu ukutani, akabaki amesimama katikati ya chumba hajui aweke wapi mikono. Kocha akamwonyesha baiskeli kwa kidevu.

"Bonyeza ya mbele."

Akabonyeza. Mkono wa breki ukaja mpaka usukani. Akaachia, akabonyeza tena, kama ambaye hajaamini. Kisha akainama akakiona kijiti. Alikaa ameinama hivyo, mkono kwenye breki, muda ambao sisi wengine tulitazama sakafu.

"Gurudumu lako lilikuwa zima," Kocha akasema. "Nililiangalia asubuhi ile. Ni mimi."

Nasema nilichokiona tu. Zuhura hakulia. Hakusema amesamehe, na sitasema kwa niaba yake. Hakumwuliza kwa nini. Mke wa Kocha alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Nje mtu alikuwa anachota maji bombani, ndoo ikijaa.

Zuhura akaweka kidole gumba juu ya kijiti, akakilaza. Akabonyeza breki ya mbele, akaisukuma baiskeli kwa kifua, kama alivyokuja kufanya kwenye mstari wetu kona ile Jumapili baada ya mazishi. Haikwenda. Akabonyeza ya nyuma, akaivuta. Akanyooka, akamgeukia Kocha kitandani.

"Imeshika," akasema.